Wanawake Wasiotajwa kwa Majina: Vita vya Ukombozi Katika Tamthilia Zetu

Kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili analijua swali hili la mtihani: "Jadili nafasi ya mwanamke katika tamthilia uliyosoma." Jibu lake tunalijua hata kabla ya kufungua kitabu. Mwanamke amechorwa kama mama mlezi, kama mshauri wa mumewe, kama chombo cha starehe, kama mtu wa kudhulumiwa, na mara mojamoja kama mkombozi. Tunaandika hoja tano, kila hoja na mfano wake, tunapata alama zetu na kwenda zetu. Katika insha hii nataka kuuliza swali dogo kuliko hilo: mwanamke huyo anaitwa nani?

Swali hili lilinijia niliposoma tamthilia tatu kwa kufuatana nikiwa na kitabu cha historia kando. Tamthilia hizo ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Mzalendo Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1976. Na Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Mbili za kwanza zinahusu vita dhidi ya wakoloni. Ya tatu inahusu mapambano ya wanawake baada ya uhuru. Katika zote tatu wanawake wapo na wanasema, lakini wengi wao hawana majina yao wenyewe. Mmoja anaitwa kwa jina la mumewe, mwingine anaitwa Mwanamke tu, na wengine wanaitwa kwa namba. Nilipogeukia historia ya vita hivyohivyo nilikuta wanawake wenye majina kamili, na mmoja wao alinyongwa na Wajerumani pamoja na wanaume.

Hoja yangu ni kwamba mfumo dume katika tamthilia zetu hauonekani tu pale mwanamke anapopigwa au kuozwa kwa nguvu jukwaani. Unaonekana pia katika swali la nani anakumbukwa kwa jina. Tena upungufu huu hatuwezi kusema tumeurithi kutoka kwenye historia yenyewe, kwa sababu historia ina majina. Ni sisi tuliyoyaacha njiani tulipokuwa tunapanda jukwaani.

Kwanza tutazame jukwaa lenyewe lilivyoundwa. Kabla ya tamthilia za kuandikwa, jamii zetu zilikuwa na sanaa za maonyesho za aina nyingi: ngoma, utambaji wa hadithi, majigambo, jando na unyago. Katika nyingi ya hizo mwanamke hakuwa mtazamaji. Unyago uliongozwa na wanawake wenyewe, makungwi wakiwafunza wari kwa nyimbo, kwa michezo na kwa kuigiza. Mtambaji wa hadithi za jioni alikuwa bibi mara nyingi kama alivyokuwa babu. Jukwaa hilo liliweza hata kufanya siasa. Mwaka 1913, katika pwani ya Kenya, Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu, ngoma ya mazishi, kuwakusanya Wagiriama na kuwahimiza wakatae kodi na kazi za lazima za Waingereza. Watu walikuja kwa ngoma, wakaondoka na kiapo. Waingereza walimkamata na kumpeleka Kisii, mbali na kwao. Mwanzoni mwa mwaka 1914 alitoroka, akarudi Ugiriama kwa miguu. Ukiniuliza nani alikuwa msanii wa jukwaa Afrika Mashariki mwaka huo, nitamtaja yeye.

Tamthilia ya kuandikwa ilikuja kwa njia nyingine. Ilikuja na shule, na shule zilianza na wavulana. Moja ya tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili zilizochapishwa na Mwafrika ni Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyotoka mwaka 1957. Mwandishi huyo alikuwa mwanafunzi wa Alliance, shule ya wavulana nchini Kenya. Simlaumu Kuria kwa kuwa mvulana. Ninachosema ni kwamba jukwaa la kuandikwa lilizaliwa ndani ya ua ambao wasichana wengi hawakuingia. Waandishi walikuwa wanaume, waigizaji wengi walikuwa wanaume, walimu waliosahihisha walikuwa wanaume. Mwanamke aliingia katika maandishi hayo kama mtu anayezungumziwa: mchumba, mke, mama, binti. Kungwi na mtambaji walibaki nje ya geti.

Tuingie sasa katika Kinjeketile. Hii ni tamthilia ninayoipenda, na siandiki ili kuishusha. Hussein aliiandika wakati historia ya Vita vya Maji Maji ilipokuwa inakusanywa upya. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini mwa Tanzania kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya 1905 hadi 1907. Taifa changa lilihitaji shujaa aliyewaunganisha watu wa makabila mbalimbali, naye Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alifaa. Aligawa maji yaliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, watu wakaja kwake kwa makundi, Wajerumani wakamnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza.

Tamthilia inaanza na wanawake wawili. Wanazungumza juu ya njaa, juu ya chakula kisichotosha, juu ya wanaume wanaochukuliwa kwenda kulima shamba la pamba la mzungu. Ni mwanzo wenye nguvu, kwa sababu vita vyote vimo ndani ya mazungumzo hayo ya jikoni. Lakini wanawake hao wanaitwa Bi Kitunda na Bi Kinjeketile. Hatuambiwi mama zao waliwaitaje. Baada yao tunamwona Chausiku, binti wa Kitunda. Huyu ana jina, lakini kazi yake katika mchezo ni kudhulumiwa na watumishi wa utawala wa Wajerumani ili tuone uchungu wa baba asiyeweza kumtetea mtoto wake. Kisha, kadiri mchezo unavyoelekea vitani, ndivyo sauti za wanawake zinavyopungua. Mijadala mikubwa inabaki ya wanaume: tuna nguvu za kutosha au hatuna, tungoje au tuanze, maji ni kweli au si kweli.

Msomaji makini anaweza kunipinga hapa. Atasema hata wanaume kadhaa katika mchezo huo hawana majina. Wanaitwa Mkichi, Mngindo na kadhalika. Ni kweli, lakini tuangalie majina hayo yanafanya nini. Mngindo anapoingia, Wangindo wote wameingia pamoja naye. Jina lake linampa kiti katika baraza na linamfanya kuwa mjumbe wa watu wake. Jina la Bi Kitunda halimfanyi mjumbe wa mtu yeyote. Linatuambia tu analala nyumba ya nani. Wote wawili hawana jina la kuzaliwa, ila mmoja amepewa watu na mwingine amepewa mume.

Sasa tugeukie historia. Maji yalipofika Ungoni, mmoja wa watu wa kwanza wenye mamlaka kuyapokea alikuwa mwanamke, Nduna Mkomanile, ambaye wengine humwandika Nkomanile. Nduna ni kiongozi chini ya nkosi katika utawala wa Wangoni. Hakuwa mke wa nduna; yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa na cheo. Mjumbe wa maji alipokuja katika eneo lake, alimpokea, na kutoka hapo imani ile ikaenea kwa viongozi wengine wa Ungoni. Wajerumani walielewa vizuri uzito wake. Mwezi Februari 1906 walipowanyonga viongozi wa Wangoni huko Songea, zaidi ya watu 60, Mkomanile alinyongwa pamoja nao, mwanamke pekee katika kundi hilo. Leo anakumbukwa katika Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, ambako kila mwaka tarehe 27 Februari mashujaa hao huadhimishwa.

Nikisoma habari hii najiuliza: je, mkoloni alimhesabu mwanamke huyu kuwa kiongozi kuliko sisi tuliomrithi? Mjerumani alimwandika katika orodha ya maadui wa kunyongwa. Sisi tulipoandika orodha ya wahusika, tuliandika Bi Kitunda.

Kuna jambo jingine ambalo historia inalisema na jukwaa linalipitia haraka. Maji Maji iliwaua watu wengi sana. Wanahistoria wengi wanakadiria vifo kati ya 250,000 na 300,000, na sehemu kubwa ya watu hao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya chakula ili kuumaliza upinzani. Hata kabla ya vita, wanaume walipopelekwa kwenye mashamba ya pamba, kazi zao nyumbani ziliwaangukia wanawake. Kukesha shambani kufukuza nguruwe mwitu wasile mazao ilikuwa kazi ya wanaume, nayo ikawa ya wanawake na watoto. Kwa hiyo yale mazungumzo ya njaa ya Bi Kitunda na Bi Kinjeketile yanagusa moyo wa vita, maana chakula kilikuwa sababu mojawapo ya vita kuanza, na kilikuwa silaha iliyotumika kuvimaliza. Hussein alilijua hilo, ndiyo maana akaanza na wanawake hao. Lakini vita vya chakula havikuwahi kuwa mada ya baraza katika mchezo, kwa kuwa wenye kuvijua hawakukaribishwa barazani.

Mimi natoka Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, na huenda ndiyo sababu habari ya Mkomanile ilinishika. Kwetu alikuwepo Muhumuza. Aliongoza watu kwa jina la Nyabingi, imani ambayo waganga wake wengi walikuwa wanawake. Alijitambulisha kama mjane wa Mwami Rwabugiri wa Rwanda, akadai kiti cha ufalme kwa ajili ya mwanawe, na akawapinga wazungu waliokuwa wanakata mipaka kati ya maeneo ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Husimuliwa kwamba wafuasi wake waliamini risasi za wazungu zingegeuka maji, imani ileile tunayoisoma katika Kinjeketile. Waingereza walimkamata mwaka 1911 wakampeleka Kampala, na huko wakamweka hadi alipofariki mwaka 1945. Ni zaidi ya miaka 30 ya kuzuiliwa mbali na watu wake. Serikali haimzuii kwa miaka 30 mtu inayemwona ni mke wa fulani tu.

Nilipoanza kusoma Kiswahili, watu kijijini waliniuliza kama nataka kuwa askari. Kwa Waganda wengi Kiswahili ni lugha ya jeshi na polisi, lugha ya amri, na amri ni ya mwanamume. Msichana anayekisoma huonekana ameingia mahali pasipo pake. Kwa hiyo ninapofungua tamthilia ya Kiswahili kuhusu vita natafuta mtu kama Muhumuza ndani yake, mtu wa kuwaonyesha wale walioniuliza. Nakuta wanawake wanapika, wanalia, wanangoja.

Tamthilia ya pili, Mzalendo Kimathi, inapiga hatua kubwa. Hapa mwanamke hangoji. Anapita katikati ya askari wa Waingereza akiwa amejifanya mchuuzi, ana bastola imefichwa ndani ya mkate, na ndiye anayeshika nyuzi za mpango wa kumwokoa Dedan Kimathi. Anawafunza mvulana na msichana waliokuwa wakigombana barabarani hadi wanakuwa watu wa mapambano. Ni jasiri na ana akili kuliko wanaume wengi mle jukwaani. Sishangai, kwa kuwa mmoja wa waandishi wawili alikuwa mwanamke. Mchezo huo ulioneshwa katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, Nairobi, mwezi Oktoba 1976, na mwaka uliofuata ukapelekwa Lagos kwenye tamasha la FESTAC.

Lakini anaitwa nani? Anaitwa Mwanamke. Wahakiki wanatuambia kwamba ameachwa bila jina ili awakilishe wanawake wote waliopigana. Nakubali kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Hata hivyo nauliza, mbona Kimathi naye anawakilisha wapiganaji wote wa Mau Mau, na jina lake halikuondolewa? Mwanamume anaweza kuwa ishara na kubaki mtu, akawa Kimathi na akawa taifa kwa wakati mmoja. Mwanamke akitaka kuwa ishara, inambidi kwanza aliache jina lake mlangoni.

Na majina yalikuwepo. Muthoni wa Kirima alipigana msituni hadi akapata cheo cha Field Marshal, mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo hicho. Aliishi hadi mwaka 2023. Maana yake ni kwamba mchezo ulipopanda jukwaani Nairobi mwaka 1976, Field Marshal Muthoni alikuwa hai nchini humohumo, na angeweza kuketi ukumbini na kumtazama mtu anayeitwa Mwanamke akifanya kazi aliyoifanya yeye.

Tamthilia ya tatu inatutoa vitani na kutuleta nyumbani. Katika Nguzo Mama, Penina Muhando anatupeleka kijiji cha Patata, ambako wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini. Nguzo hiyo ni wanawake wenyewe, ni heshima na nguvu zao katika jamii. Bi Msimulizi anatusimulia. Wahusika ni Bi Pili, Bi Tano, Bi Nane na wenzao. Tunaona mwanamke anayehangaika na biashara ndogo huku mumewe akiifuja fedha. Tunaona mjane ambaye ndugu wa marehemu wanamjia juu na kuchukua mali. Tunaona pia wanawake wanaogombana wao kwa wao hadi kamba inawaponyoka. Nguzo haisimami.

Wakati Muhando anaandika, Tanzania ilikuwa imeshatangaza mambo mengi mazuri juu ya wanawake. Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulikuwepo tangu mwaka 1962. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekataza mume au mke kumpiga mwenzake. Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangaza mwaka 1976 hadi 1985 kuwa muongo wa wanawake. Juu ya karatasi nguzo ilikuwa imesimama. Patata ilikuwa bado chini. Hii ndiyo sababu nadhani Nguzo Mama ni maandishi ya historia ingawa haina hata shujaa mmoja wa kihistoria. Inarekodi umbali uliokuwepo kati ya tangazo na jiko.

Na zile namba? Wengine watasema Muhando amefanya kosa lilelile la kuwanyima wanawake majina. Mimi naona amefanya kinyume. Katika Kinjeketile kukosekana kwa jina kumepita kimya, kana kwamba ni jambo la kawaida. Katika Nguzo Mama namba zinapiga kelele. Kila zinapotajwa tunakumbushwa kwamba hivi ndivyo jamii inavyowaona wanawake: inawahesabu. Wanahesabiwa katika mikutano ya hadhara na katika ripoti za maendeleo. Kuhesabiwa si sawa na kujulikana. Mwandishi mwanamke ameuchukua ugonjwa wenyewe akautundika jukwaani ili tuuone.

Kuna pingamizi mbili ambazo sitaki kuzikwepa. Ya kwanza ni ya heshima. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kumwita mwanamke mzima kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu. Tunasema Mama Fulani, na huko pwani Bi Fulani. Kwa hiyo Bi Kitunda ni jina la heshima, si la dharau. Nakubali, na mimi mwenyewe siwezi kumwita jirani yetu kwa jina lake. Lakini mwanamume naye huitwa Baba Fulani kwa heshima hiyohiyo, na heshima hiyo haimfutii jina. Likija suala la kuandika, iwe ni kitabu, hati au kaburi, Baba Fulani anarudishiwa jina lake lote. Mama Fulani mara nyingi anabaki Mama Fulani.

Jambo hili nimeliona katika familia yetu. Babu yangu alipofariki ulitokea ubishi juu ya kipande cha shamba ambacho bibi alikilima tangu kabla sijazaliwa. Zikatolewa karatasi za makubaliano ya zamani. Majina ya babu na ya mashahidi wanaume yalikuwa yameandikwa vizuri. Bibi, aliyechangia fedha za kukinunua kwa kuuza mtama, alitajwa kama mke wa mnunuzi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 33, inampa mwanamke utu na haki sawa na mwanamume, na wazee walioketi kusuluhisha hawakuipinga Katiba. Walisema tu kwamba jina lake halionekani. Bibi alibaki na robo ya kile alichokilima. Tangu hapo mtu akiniambia kwamba jina ni jambo dogo, namuuliza kama ana shamba.

Pingamizi ya pili ni ya sanaa. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani si Kinjeketile wa historia, na kwamba mwandishi ana uhuru wa kuumba. Ni sawa. Tamthilia si kitabu cha kumbukumbu, na hatuwezi kudai kila mtu aliyenyongwa Songea apewe sehemu. Lakini uhuru wa kuumba una pande mbili. Kama mwandishi anaruhusiwa kumpa Kinjeketile maneno ambayo hakuyasema, angeweza pia kumpa Bi Kinjeketile jina ambalo kumbukumbu hazikulihifadhi. Tena katika jamii zetu tamthilia zinafundisha historia, tutake tusitake. Wanafunzi wengi wa Uganda wanaoijua Maji Maji wameijua kupitia Kinjeketile. Kile ambacho jukwaa limekiacha, wao hawajui kuwa kilikuwepo.

Na si kweli kwamba wanawake hawaziwezi sehemu kubwa. Darasa letu lilipoigiza baadhi ya maonyesho ya Kinjeketile, wasichana tulikuwa wengi kuliko wavulana, ikabidi tugawane nafasi za wanaume. Msichana mmoja alikuwa Kitunda, mwingine Mngindo. Mwanzoni watazamaji walicheka kidogo. Ilipofika hoja ya kuanza vita au kungoja, hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wanasikiliza hoja. Lakini nilitambua kwamba ili msichana apate nafasi ya kujadili vita, ilibidi avae kanzu ya mwanamume. Hapakuwa na sehemu ya mwanamke anayejadili vita iliyoandikwa, ingawa katika vita halisi alikuwepo.

Mambo yamebadilika? Kwa kiasi, ndiyo. Mwaka 1997 Kithaka wa Mberia wa Kenya alichapisha tamthilia inayoitwa Natala, na Natala ni jina la mwanamke. Mumewe anapodhaniwa amekufa, shemeji anataka kumrithi yeye pamoja na shamba. Natala anakataa na kusimama imara. Hapa jina la mwanamke liko kwenye jalada, na mwandishi ni mwanamume, jambo linaloonyesha kwamba kazi hii haihitaji kungoja wanawake peke yao. Upande mwingine, huko Tanzania, mwaka 1996 Penina Mlama, ambaye ndiye yuleyule Muhando, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wenyewe wanataja matatizo yanayowakwamisha shuleni, wanayatungia michezo, wanaigiza mbele ya walimu na wazazi, kisha wanadai hatua zichukuliwe. Njia hiyo baadaye ilienea katika nchi nyingine za Afrika. Ukiitazama vizuri, Tuseme imerudi kwenye uwanja wa unyago na wa kifudu: mwanamke haandikiwi sehemu, anaitunga.

Nina mapendekezo mawili kwa wenzangu. La kwanza ni la darasani. Swali la "nafasi ya mwanamke" libaki, lakini tuliongezee maswali mengine: anaitwa nani, nani alimpa jina hilo, na katika historia ya tukio lenyewe walikuwepo wanawake gani ambao hawamo humu? Maswali haya yatatulazimisha kufungua kitabu cha historia pamoja na tamthilia, na hayajibiwi kwa hoja tano za kukariri.

La pili ni la nje ya darasa. Wanafunzi wa mwaka 1968 walikwenda vijijini na madaftari. Wakati huo vyuo vya Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kwa hiyo wale ni kaka zetu na dada zetu wa taaluma. Walifanya kazi kubwa, ila wengi wa waliohojiwa walikuwa wazee wa kiume, na wazee wa kiume walikumbuka wanaume wenzao. Walioviona vita hivyo kwa macho hawapo tena, lakini wajukuu wa kike wapo. Wapo Songea, wapo Kilifi, wapo Nyeri, wapo Kabale. Wanajua nyimbo, wanajua makaburi, wanajua nani alikuwa mama wa nani na aliitwaje kabla hajawa mama. Kazi ya kuwauliza inatuhusu sisi, na haihitaji fedha nyingi.

Mimi nimeanza na kwetu. Bibi yangu ana dada wawili walio hai na mashangazi anaowakumbuka kwa majina hadi kizazi cha mama wa bibi yake. Nimeandika majina 14 kufikia sasa, kila jina na mahali alipoolewa na alichokilima. Wawili kati yao walikuwa waganga wa Nyabingi. Siku nitakapoandika tamthilia, hakuna hata mmoja wao atakayeitwa Mwanamke wa Kwanza.